Mto wa Haji

Jumatatu, 3 Novemba

Radhi nauomba ukurasa huu, ingawa karatasi haina masikio. Sijaandika tangu siku ya maziko. Kila nilipoishika kalamu niliirudisha. Huzuni ni sababu. Uvivu pia umo.

Leo baada ya sala ya alasiri tumecheza tena, na nimefungwa tena.

Niko mtaa wa Malindi, nyumbani kwa mdogo wangu Zainab, tangu alipofiwa na mumewe, Haji. Yumo edani, mwezi wa nne sasa, hatoki. Chakula anakigusa tu. Hasemi ila akisemeshwa. Hajalia hata mara moja, na hilo linanitisha kuliko kilio. Kitu kimoja ndicho kinachomwinua kichwa: karata. Yeye na Haji walicheza wahedi wa sitini kila alasiri, wakipambana na jirani yao Bi Mwanakheri na binti yake Asya. Mchezo unataka watu wanne. Wa nne sasa ni mimi, mwalimu mstaafu niliyekuwa nikiwanyang'anya wanafunzi karata na kuzitia motoni.

Mwenye eda kucheza karata! Nilipinga. Lakini pesa hakuna, mwanamume hakuna, kelele hakuna. Nikavua viatu, nikaketi.

Jumatano, 5 Novemba

Mchezo wa ovyo. Karata ni arubaini; nane, tisa na kumi huwekwa kando. Wawili watakaokusanya pointi sitini na moja wameshinda. Hadi hapo sawa. Lakini saba, wanayoiita seti, inampita mfalme, na inashindwa na ree, yaani ile moja, peke yake. Malkia yuko chini ya mtumishi wake. Nikauliza kwa nini.

"Ndivyo tulivyoukuta, mwalimu," akasema Bi Mwanakheri.

Hilo si jibu. Mwanafunzi angenijibu hivyo angesimama mpaka kengele.

Kubwa zaidi: ni marufuku kumwambia mwenzako ulichonacho. Mnakaa uso kwa uso, mnashirikiana, na mnanyamaza. Mimi maisha yangu yote nimelipwa kwa kusema.

Mto wa Haji uko pale pale alipokuwa akikaa, unaelekeana na Zainab. Hakuna aliyenikaribisha niukalie. Nakaa ubavuni mwa mto huo, kwenye mkeka mtupu. Magoti yanauma.

Ijumaa, 7 Novemba

Nassor, mtoto wa Zainab, amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Eda inakaribia kwisha. Anataka kumchukua mama yake na kuifunga nyumba. Zainab hataki kusikia. Nassor amenipa njia ya pili: nihamie hapa moja kwa moja, mama yake asibaki peke yake. Nina nyumba yangu Bububu, nusu saa kwa daladala kutoka hapa. Nina michungwa yangu na utulivu wangu. Nikamwambia karata zinaningoja.

Tukacheza. Hatukupata hata pointi moja.

"Mwalimu leo kala sifuri!" akapiga kelele Asya. Mama yake akamkemea, huku akificha kicheko kwa ncha ya kanga.

Zainab hakutabasamu. Nitamfaa nini, ikiwa hata mchezo wa barazani unanishinda? Haji bila shaka alikuwa akimwelewa kwa kupepesa jicho.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeharibu.

Zainab alitoa turufu mapema. Nikamwambia si wakati wake. Akatoa nyingine. Nikamweleza, kwa utaratibu, alichopaswa kufanya. Akaziweka karata chini, kifudifudi.

"Dada, sikukwita uje kunisomesha."

Akaenda chumbani. Bi Mwanakheri akatafuta viatu vyake kimya kimya. Nina hasira naye Zainab, na hasira zaidi na nafsi yangu. Nilikuwa sahihi kuhusu ile turufu. Haikunisaidia kitu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Karata hazikutolewa. Hakula.

Jumatano, 12 Novemba

Niliwaita majirani mwenyewe. Nikaapa mbele yao kwamba sitafungua mdomo. Asya akasema ataniletea plasta. Sikumjibu, kwa kuwa nilikwisha kuapa.

Tulikuwa tukienda sare. Asya akaanza kwa kopa ndogo. Zamu yangu. Nilikuwa na seti ya kopa, na ree yake ilikuwa haijatoka. Mwenye ree ni ama Bi Mwanakheri, ama Zainab atakayecheza mwisho. Nikainua macho. Zainab alikuwa akinitazama, kwa makini sana. Nikaelewa: ree anayo yeye. Ndivyo walivyokuwa wakisemezana yeye na Haji. Nikaiweka seti yangu kwa kishindo.

Bi Mwanakheri akaipiga kwa ree.

Zainab akatoa mbili ya kopa. Nikasahau kiapo. "Ulinitazama!"

"Nilikuwa natazama miwani yako, Dada. Imekaa upande."

Kisha akacheka. Zainab! Alicheka mpaka karata zikamwanguka mapajani. "Haji naye alikuwa hivi hivi. Kila siku ananitilia seti kwenye ree ya watu, kisha ananilaumu mie. Alikuwa hajui kucheza yule, wallahi hajui!"

Kicheko kikageuka kilio. Alilia mpaka Bi Mwanakheri akamshika. Nilimletea maji. Alipotulia aliomba mkate na chai, akala wote.

Tumefungwa. Bado naona ile seti ilistahili kushinda.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua imekatika. Asubuhi Zainab alikuwa ameketi na sindano, akishona foronya.

Alasiri mkeka ulikuwa umetandikwa, na karata zimeshachangwa. Mto wa Haji ulikuwa mahali pake, umevikwa foronya mpya. Nikaenda kukaa ubavuni kama kawaida. Zainab akaupigapiga mto kwa kiganja, mara mbili, bila kunitazama. Nikaukalia. Umeingia bonde katikati, na si bonde langu. Magoti hayakuniuma.

Tulicheza mpaka adhana ya magharibi. Tumefungwa.

Nassor amepiga tena. Nimemwambia asubiri. Kesho nakwenda Bububu kuipalilia michungwa na kuitazama nyumba yangu vizuri. Nikishakata shauri nitaliandika hapa, kwa wino. Zainab hajaniuliza kitu. Ameniuliza tu nitarudi kabla ya alasiri au baada yake.