Shairi la Mama wa Ng'ambo

Mjukuu wangu Zainabu,

Sisi huku Mtawanya wazima, mama yako yuko shambani anaokota korosho. Umeniuliza shuleni ughani shairi lipi, la kusifu vita au la kuwalilia waliokufa.

Wakati wa vita vya kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno, kaka yangu Hamisi alighani hadharani akiwaita vijana wavuke mto Ruvuma wakapigane. Mama mmoja mkimbizi kutoka ng'ambo, aliyefiwa na wanawe huko, akainuka akamjibu kwa ubeti: nani atawazika?

Watu wakafoka, "Keti! Unawatia woga!"

Kaka akawainulia mkono. "Mwacheni amalize."

Kesho yake kaka alivuka. Yule mama alimfungia mihogo ya kuchoma. "Mwanangu, urudi unijibu."

Alirudi mzima. Alitunga mashairi ya harusi na ya mavuno, lakini jibu lile hakulitunga. Basi wewe ghani swali la yule mama.

Bibi yako