Jina la Mama Lina Mlango Wake

Jumatano. Mvua imepiga tangu alfajiri, mtaa wetu wa Tibirinzi wote umelowa, nami nina moyo mwepesi usioelezeka.

Leo nimesajili jina la Mama mtandaoni.

Sabuni za karafuu anazopika zimebeba jina lake miaka mingi: Sabuni ya Bi Asha. Tuliwahi kuwa na tovuti. Aliyetutengenezea aliisajili kwa jina lake mwenyewe, nami sikuuliza. Kisha akahamia Maskati, simu yake ikawa haipatikani. Siku moja nikafungua ukurasa wetu, nikakuta matangazo ya viatu kwa lugha nisiyoijua. Barua pepe za wateja nazo zikapotea.

Kosa lilikuwa langu. Nilipenda cha bure na cha haraka.

Safari hii nimekwenda polepole. Niliziandikia kampuni tatu za kusajili majina ya tovuti swali moja tu: nikitaka kuhama, mtaniachia jina langu? Ya kwanza ilinijibu kwa ofa. Ya pili haikujibu. Kutoka ya tatu, ya Dar, alinipigia dada mmoja mwenye sauti ya utulivu.

"Jina ni lako, Bi. Sisi tunakutunzia tu. Siku ukitaka kuondoka, tunakupa namba ya siri ya kuhamia, unakwenda nalo."

Nikasajili jina kwao, tovuti nikaiweka hapo hapo. Barua pepe nimeiweka kwa kampuni nyingine, ili moja ikianguka nyingine isimame.

Lile la zamani wanalo wa viatu, basi safari hii niliandika jina la Mama kamili, na kabla ya kulipia mtambo wao ukalitafuta dunia nzima kuona kama lina mwenyewe. Haukuchukua hata pumzi moja. Halina. Nikabaki nimeduwaa. Watu wote hawa ulimwenguni, na nafasi ya Mama ilikuwa wazi, inamngoja.

Nikamwita. Alikuwa ukumbini anakata miche ya sabuni kwa waya. Mama anasoma Kurani vizuri sana, lakini herufi hizi za Kizungu hazijui, basi nikamwonesha kwa kidole.

"Hili ni lako. Maadamu tunalilipia, hakuna mwengine anayeweza kulichukua."

"Hata huko Maskati?"

"Hata Maskati, Mama."

"Mie jina langu kamili halijaandikwa pahala ila cheti cha ndoa na kadi ya kura," alisema, akaigusa skrini kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayegusa uso wa mtoto aliyelala.

Barua pepe ya kwanza niliipeleka kwenye hoteli moja ya Unguja iliyokuwa ikinunua kwetu. Nikaomba radhi, nikawapa anwani mpya. Baada ya sala ya adhuhuri jibu likaingia. Meneja anasema walituandikia mara nne bila kujibiwa. Mwisho wakaambizana labda bibi wa sabuni ameshafariki, wakamsomea fatiha.

Nilimsomea Mama maneno hayo. Watu wa ng'ambo ya maji walimwombea kama maiti naye yu mzima, kwa sababu mimi nilizembea kuuliza jina limeandikwa kwa nani.

Mama hakukasirika. Alijifuta mikono kwa kanga.

"Fatiha haipotei," alisema. "Waandikie nipo."

Nimeandika neno hilo moja. Limefika kabla hajarudi kwenye sabuni zake.

Ni mangapi mengine ya watu wangu nimeyaacha mikononi mwa wengine, kwa uvivu wa kuuliza tu?