Kigae Walichokiruka, Mstari Nilioruka

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla mama yangu hajauamini kabisa uongo nilioandika mimi. Mama ni fundi cherehani, na mwezi juzi alikwenda kumpima mteja nyumbani kwake, nami nikamfuata nimebeba daftari la vipimo, na tulipokuwa tukishuka ngazi akakanyaga kigae kilicholegea, ambacho watu wa nyumba ile wamezoea kukiruka bila kumwambia mgeni, akaanguka, mkono wa kulia ukavunjika na miwani ikasagika.

Siku ya nne mteja alikuja kumjulia hali, akatuoshea hata vyombo, kisha akanivuta pembeni. "Mwandishi wetu, hebu tuandikie kikaratasi cha kumaliza maneno. Sema aliteleza njiani akija kwangu. Mume wangu mkali, mwanangu, usinitie matatani." Mimi kumkatalia mtu mzima hunishinda, tena alikuwa ameniletea vitabu vitatu kutoka kabatini kwake, akasema vingine vinanisubiri. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora. Mama akasema, "Nisomee, mwanangu, sioni." Nikamsomea kwamba hana ugomvi na mteja, ila mstari ule mmoja wa kuteleza njiani nikauruka. Akaweka sahihi kwa mkono wa kushoto.

Sasa plasta imetolewa, lakini vidole havishiki mkasi, daktari anataka mazoezi ya muda mrefu, na mama alipokwenda kwa mteja kuomba asaidiwe matibabu alisomewa karatasi ile, na mstari ule ukiwemo. Alirudi, akakaa mbele ya cherehani iliyofunikwa, akasema polepole, "Labda kweli nilianguka njiani. Maumivu yalinichanganya."

Vitabu viko chini ya kitanda, sijavifungua. Nikimwambia, atanitazamaje?

Msomaji Mwoga

*

Binti yangu,

Pole, na pole kubwa zaidi mpelekee mama. Wenye nyumba walikiruka kigae, wewe ukauruka mstari, na mara zote mbili aliyeanguka ni yeye. Unauliza atakutazamaje. Mbona huulizi anajitazamaje sasa, mtu mzima asiyeamini tena kumbukumbu yake?

Mteja wa mama alijua alichokifanya. Mtu mzima anayemtuma mtoto amwandikie mzazi wake uongo ana lawama kuliko wewe. Lakini ulimi uliosoma ulikuwa wako, kwa hiyo usijifiche nyuma ya hofu ya kuwakatalia wakubwa.

Mwambie mama leo, kabla jua halijazama. Atalia, huenda akakaa siku mbili hasemi nawe. Vumilia, hujaonewa.

Kisha chukua kalamu hiyo hiyo uandike ulichokiona: tarehe, kigae cha ngapi, nani alikuwepo, karatasi iliandikwaje, na kwamba hukumsomea yote. Ombeni hospitali nakala ya maelezo ya siku ya kwanza, kwani huenda mama alisema ameanguka wapi kabla karatasi yako haijazaliwa. Pelekeni yote kwenye kituo cha msaada wa sheria, msikawie. Uzito wa sahihi ile atausema mwanasheria, si mimi wala mteja. Hadi hapo, mama asitie sahihi kitu kingine, hata akiletewa kwa machozi. Na vitabu virudishe, akiwepo mtu mzima wa kwenu.

Maelezo yako mapya usimsomee mama. Mtafutieni miwani kwanza, ajisomee mwenyewe, mstari kwa mstari, nawe ukae hapo hapo mbele yake mpaka amalize.