Injini ya Baba

Wewe, pokea simu! Haya, basi soma.

Mkaguzi amekuja kuthibitisha kama gari la zamani la Baba bado lina injini yake ya kwanza. Nikamulika kwa simu, akafuta grisi, akalinganisha namba ya injini na ile ya kwenye kadi ya gari. Akaniangalia. Hazifanani!

Na Baba pembeni, kifua mbele: "Injini hiyo ndiyo iliyomleta huyu kutoka hospitali alipozaliwa. Haijawahi kuguswa."

Haijawahi kuguswa, jamani!

Nikamgeukia Mama aniokoe. Hata hakushtuka. Akaninong'oneza: "Ilikufa baba yako akiwa safarini. Fundi akaweka nyingine. Zima tochi, mwanangu."

Nimejifungia chooni. Baba anagonga mlango, ananiita twende tukasikie majibu ya mkaguzi pamoja.