Mgomba wa Tonny

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Kitale. Tumekata mahindi kutwa. Mabua tunayasimamisha mafungu-mafungu shambani, na asubuhi ukungu ukishuka kila fungu linakuwa mtu. Moja lilisimama kama Tonny kabisa, bega moja chini. Nikaenda kulishika. Mabua tu! Gathii, tunayekata naye, akaniuliza kama siku hizi nasalimia mahindi.

Tonny, mdogo wangu, alichukuliwa na mto Nzoia mwaka jana, tukivuka kwenda kibarua upande wa Moi's Bridge. Mwili haukuonekana.

Jumatano, 12 Novemba

Baba mdogo Mukhwana amepiga simu kutoka nyumbani, Bungoma. Wazee wameamua: Jumamosi tuzike mgomba badala ya mwili, kama watu wetu wanavyofanya. Viola, mke wa Tonny, apate kujua kama yeye ni mjane.

Mama amekataa. Ati ana imani Tonny yuko hai mahali. Kila jioni bado anamwekea ugali. Amesema atakubali mimi nikisema — si ni mimi nilikuwa naye majini.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefika. Mama alinikalisha jikoni. Hakulia.

"Wekoye, baba, yale watu wanaamini nimeyasikia yote. Wewe niambie unachojua."

Najua nini? Maji yalikuwa rangi ya chai. Mkono wake ulitokea mara moja, halafu hapana. Nilimwita mpaka sauti ikaisha. Kujua kwangu kunaishia hapo. Kwamba alikufa, hiyo naamini tu. Na zile asubuhi za ukungu hata hiyo siamini vizuri.

Nikamwambia, "Alikufa, Mama. Najua."

Akasema basi. Akatoa sahani ya Tonny mezani, akaiosha, ingawa ilikuwa safi.

Jumamosi, 15 Novemba

Shimo tayari. Mgomba umekatwa urefu wa Tonny na kuvikwa shati lake la kanisani. Mama ndiye aliyeuvisha. Lile shati lilikosa kifungo cha juu tangu zamani — leo kipo. Amekishona. Nani anashonea mgomba kifungo?

Udongo wa kwanza ni wangu, kaka mkubwa. Nimesema naenda choo. Niko nyuma ya jiko naandika. Wimbo umeisha, wameanza mwingine. Baba mdogo ameniita mara mbili.

Kutoka hapa nawaona. Wote wanatazama shimo. Mama peke yake ameligeuzia mgongo, anatazama barabara.

Na mimi nimeitazama barabara. Wananiita tena —