Koti la Harusi Jukwaani

Mafinga

Baba Kasian,

Kamwene. Huku sisi ni wazima, baridi tu. Kasian ameota jino la tatu na sasa anasimama kwa kushika kochi.

Picha ya mazoezi uliyotuma kwenye simu ya dada nimeiona. Ulishaniambia ni mchezo wa kuigiza wa zamani wa Wazungu, wa kuwacheka matajiri wazinzi, na kwamba mwalimu wenu kaamua wanaume wawe wanawake na wanawake wawe wanaume. Basi wewe ndiye mke, na huyo Tumpe ndiye mumeo. Nimecheka, kweli, hasa hiyo sidiria. Dada akanitania, "Shemeji kapendeza kukuzidi!"

Lakini Tumpe amevaa koti lako la harusi. Tena amekushika kiuno. Ungeniuliza kwanza.

Ningenyamaza, ila Kasian aliiona ile picha, akamnyooshea Tumpe kidole, akaita, "Baba!" Koti analijua, analiona kila siku kwenye picha yetu ya ukutani. Wewe uliyevaa gauni hakukujua.

Kwenye kifurushi hiki kuna koti la kaka, mpe Tumpe. Kuna na gauni langu la sendofu, lile nililoagwa nalo kwetu, nimelifumua ubavuni likutoshe. Kama ni lazima uwe mke wa mtu, vaa nguo ya mkeo.

Jumamosi tunakuja huko Mbeya, tutakaa mbele. Mchezo ukiisha, vaa koti lako ndipo ushuke, mtoto akuite wewe.

Ni mimi ninayekupenda bado,
Mama Kasian