Injini Ilizimwa Ili Wajumbe Wasikie

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Kamati ya Gari, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 Juni katika chumba cha nyuma cha gereji ya Mwenyekiti. Kilipangwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:10.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mwenye gereji
2. Fundi Injini
3. Cheche, mchomeleaji
4. Dada wa Umeme, wa nyaya na vipimo
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

WASIOHUDHURIA
1. Dereva, kwa udhuru. Mikono yake yote miwili imefungwa bandeji.
2. Mpaka Rangi, bila udhuru. Alionekana akipita dirishani mara mbili.

KUMB. NA. 1/19: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru waliofika na kuwaomba wasikalie kiti cha gari kilichoegemezwa ukutani, kwa kuwa kina masizi. Cheche alikuwa ameshakikalia. Alisimama, akajipangusa.

Katibu alitangaza, kama kanuni inavyotaka, kwamba Dereva ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, na kwamba tangu ajali analala sebuleni kwake. Fundi Injini alisema hilo hata paka wa gereji analijua. Katibu alisema linaandikwa hata hivyo.

KUMB. NA. 2/19: TAARIFA YA AJALI
Kwa faida ya Cheche, ambaye siku ile alikuwa msibani, Katibu alieleza yaliyotokea.

Gari ni lile la michezo, la milango miwili, ambalo kamati imekuwa ikiliunda upya kwa miaka mitatu. Lilifungwa tabo, ile pangaboi inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa, na nguvu yake ikawa karibu mara mbili. Nguvu hiyo ilikuja na joto lake. Kamati iliweka rejeta kubwa ya kupozea maji, ikaongeza feni, ikavisha bomba la moshi mkanda wa kukinga joto, na bado kila kikao kilikuwa joto, joto, joto.

Jumapili tarehe 1 Juni, katika jaribio la kumi na moja, kwenye barabara isiyotumika nyuma ya maghala, gari lilitoa moshi wa buluu mzunguko wa nane, kisha moto chini ya boneti. Dereva alisimamisha gari na kutoka salama. Halafu alirudi. Alifungua pini za boneti kwa mikono mitupu ili dawa ya mtungi wa kuzimia moto ifike ndani.

Mwenyekiti aliuliza nani alimtuma kurudi. Dada wa Umeme alijibu kwamba hakutumwa na mtu, na kwamba sisi wengine tulikuwa tumesimama kama nguzo. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 3/19: HOJA YA KUMFUKUZA DEREVA
Mwenyekiti alisema hana ugomvi na kijana, lakini gari limekwisha na lazima mtu awajibike. Alitaja Kanuni ya 7: mwanachama anayeharibu gari kwa uzembe ataondolewa katika umoja na hatafanya kazi tena ndani ya gereji.

Cheche aliuliza kama Mwenyekiti anakumbuka kwamba Dereva ndiye fundi wa viti, na cherehani yake iko kwenye kona ya gereji hii hii, na kwamba kumwondoa ni kumnyang'anya ugali wakati hata kijiko hakishiki. Mwenyekiti alisema anakumbuka. Cheche alisema, "Haya, mradi unakumbuka."

Fundi Injini aliunga mkono hoja. Alidai Dereva aliendelea kukanyaga mafuta huku mshale wa kipimo cha joto ukiwa kwenye nyekundu. Dada wa Umeme alitoa karatasi ya vipimo na kuonyesha kwamba joto la maji halikuvuka nyuzi 96 mpaka moto ulipowaka. Fundi Injini alisema vipimo vinaweza kukosea. Dada wa Umeme alimwambia kwamba mwezi uliopita vipimo hivyo hivyo vilipomsifu havikukosea.

Cheche alikumbusha kwamba yeye tangu mwanzo alitaka boneti litobolewe joto lipate pa kutokea, akakataliwa eti rangi itaharibika. Mwenyekiti alimwomba asirudishe ya mwaka juzi. Cheche alisema Mpaka Rangi atoke huko dirishani aje ajibu mwenyewe. Dirishani hapakuwa na mtu.

KUMB. NA. 4/19: KILICHOKUTWA NDANI YA TABO
Fundi Injini aliiweka tabo mezani, ikiwa imefunguliwa. Njia ya oili ilikuwa imezibwa na kitu cheusi, kikavu, kinachopondeka kwa kucha. Alieleza kwamba hiyo ni oili iliyoungua. Tabo ikitoka kazini huwa ya moto sana, na inapozwa na oili inayopita ndani yake. Injini ikizimwa papo hapo, oili inasimama na kukaangika. Ndiyo maana injini huachwa iungurume taratibu dakika tatu kabla ya kuzimwa. Isipofanyiwa hivyo mara nyingi, njia inaziba, beringi inakauka, sili inayoizuia oili inapasuka, na oili inarukia bomba la moshi likiwa la moto. Alimaliza kwa kusema, "Na mwenye ufunguo ni nani? Dereva. Alikuwa anazima injini ikiwa inachemka."

Mwenyekiti alishusha pumzi na kusema basi, shauri limekwisha. Cheche aliinamisha kichwa. Alisema asiyekuwepo na lake halipo.

Katibu aliomba kusoma kumbukumbu za nyuma. Mwenyekiti alisema hakuna haja. Katibu alisoma. Katika kumbukumbu za majaribio yote kumi yaliyotangulia kuna sentensi moja, kwa maneno yale yale: "Gari liliposimama, injini ilizimwa ili wajumbe wasikie vipimo."

Utaratibu huo ni wa Katibu. Yeye ndiye aliyetaka vipimo vya joto visomwe kwa sauti mara tu gari linaposimama, kabla havijashuka, na kila mjumbe aviitikie. Kelele za injini zilimkera. Tulikuwa tunapima joto, na kwa kulipima tulikuwa tunaiua tabo.

Katika jaribio la tatu Dereva alitoa kichwa dirishani na kusema, "Shemeji, iache ipumue kidogo." Katibu alimjibu, "Zima bwana, watu hawasikii." Dereva akazima, na tangu siku hiyo hakuomba tena. Maneno hayo hayakuandikwa wakati ule kwa kuwa Katibu aliyaona ni ya pembeni. Yanaandikwa sasa.

Dada wa Umeme alimuuliza Fundi Injini alikuwa wapi mara zote hizo. Fundi Injini alisema alikuwepo, ila alidhani ni amri ya kamati. Mwenyekiti naye alidhani Fundi Injini anajua. Cheche alisema, "Lo! Watu wazima watano, na aliyesema ni yule mmoja tuliyemnyamazisha."

Mwenyekiti aliomba sehemu hii isiingie kwenye kumbukumbu, kwa heshima ya umoja na ya Katibu mwenyewe. Katibu alimshukuru. Imeingia.

KUMB. NA. 5/19: MAAMUZI
Hoja ya kumfukuza Dereva ilianguka: wawili waliikataa, mmoja aliikubali, Fundi Injini hakunyosha mkono popote. Katibu hakupiga kura.

Katibu aliomba kujiuzulu. Kamati iliahirisha ombi hilo kwa kuwa hakuna mwingine anayetaka kuandika.

Mwenyekiti alipendekeza kitundikwe kibao: "Injini ipozwe dakika tatu." Cheche aliuliza, injini ipi?

KUMB. NA. 6/19: KUFUNGA KIKAO
Hapakuwa na mengineyo. Wajumbe walitawanyika saa 6:35 mchana bila kuagana.

NYONGEZA
Kwa agizo la kamati, Katibu alimsomea Dereva kumbukumbu hizi jioni ya siku hiyo hiyo, sebuleni. Mke wa Katibu, dada yake Dereva, alikuwepo. Alikuwa akimlisha mdogo wake.

Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Aliambiwa kwamba hakufukuzwa na kwamba kona yake ipo. Alisema ameshukuru. Alisema daktari amemwambia vidole viwili vya mkono wa kulia havitakunjika tena, kwa hiyo cherehani apewe mwenye kuiweza.

Kisha akasema, "Shemeji, rudia hapo pa jaribio la tatu."

Katibu alirudia. Dereva aliomba tena. Katibu alianza, na hakuweza kuendelea.

Mke wa Katibu, ambaye hajasema na mumewe tangu tarehe 1 Juni, aliweka bakuli chini, akazichukua karatasi kutoka mkononi mwake, na kumsomea mdogo wake aya ile mpaka mwisho.

Zimethibitishwa kuwa ni za kweli:

Mwenyekiti: (saini) Nathibitisha zote isipokuwa Na. 4.

Katibu: (saini) Nathibitisha Na. 4.